Ndoa Inapoombwa Ushahidi

Katika sharika zetu, za mjini na sasa hata za vijijini, si jambo geni tena kutangaza ndoa ambayo mmoja wa wanaooana ni raia wa nchi nyingine. Kwa Jumapili tatu tunasoma majina yao, tunauliza kama kuna mwenye pingamizi, na hakuna anayesimama. Siku ya ndoa inafika, kwaya inaimba, wazazi wanalia kidogo, cheti kinatiwa saini. Sisi tunarudi nyumbani tukidhani kazi imekwisha. Kwa wale wawili kazi ndiyo kwanza inaanza, kwa sababu sasa wanatakiwa kumthibitishia mtu wasiyemjua, aliye mbali, kwamba wao ni mume na mke kweli.

Hapo ndipo linapozaliwa swali letu. Je, ni haki ndoa iliyobarikiwa mbele ya kusanyiko la Mungu iombwe ushahidi na ofisi ya uhamiaji? Na kama ni haki, sisi kanisa tunatakiwa kushuhudia nini, na kwa namna gani? Tutachukua mfano wa nchi moja, Ayalandi. Wayalandi si wageni kwetu. Wamekuja wakiwa wamisionari, waganga, walimu na watumishi wa miradi ya maendeleo, na ubalozi wao uko Dar es Salaam. Watu wanapofanya kazi pamoja na kuabudu pamoja, wengine huishia kuoana.

Yanayotakiwa

Wengi hudhani kwamba mtu akioana na raia wa Ayalandi amekwisha kupata haki ya kuishi huko. Sivyo. Ndoa peke yake haitoi haki hiyo moja kwa moja. Mtanzania huomba kwanza viza ya muda mrefu ya kwenda kuishi na mwenzi wake, akiwa bado yuko kwao, na kusubiri jibu. Akifika, afisa wa mpakani anaweza kumuuliza maswali tena. Kisha hujiandikisha uhamiaji ndani ya siku 90, na akikubaliwa hupewa kibali kinachoitwa Stamp 4, kinachomruhusu kuishi na mwenzi wake na kufanya kazi bila kuomba kibali kingine cha kazi.

Lakini kabla ya kufika huko kuna bahasha ya kujaza. Humo kinaingia cheti cha ndoa, barua ya mwenzi, maelezo ya jinsi walivyofahamiana, uthibitisho kwamba wamewahi kuonana ana kwa ana, picha, nakala za mihuri ya pasipoti, kumbukumbu za simu na za fedha walizotumiana. Yule raia naye hupimwa. Kwa sera iliyotolewa mwaka 2013, alitakiwa awe amepata jumla ya mapato yasiyopungua yuro 40,000 katika miaka mitatu, mbali na misaada ya serikali, na asiwe mtu aliyetegemea misaada hiyo kwa sehemu kubwa ya maisha yake katika miaka miwili iliyotangulia.

Tukiyasoma haya yakiwa kwenye karatasi, yanaonekana ya kawaida. Tukiyaona yakimpata mtoto wetu, ni jambo jingine. Ujumbe ambao mume alimwandikia mkewe usiku, mkewe akiwa mgonjwa, lazima uchapwe. Unachapwa steshenari, na kijana wa dukani anausoma ukurasa kwa ukurasa huku akihesabu bei. Halafu unatumwa kwa mtu mwingine ausome tena, apime kama maneno yale yanafanana na upendo. Si ajabu wengi huuliza kwa uchungu: sisi tumeapa mbele za Mungu, mnataka nini zaidi?

Je, serikali ina haki ya kuuliza?

Sisi Walutheri hatuwezi kujibu kwa haraka kwamba serikali haihusiki. Mwaka 1529 Martin Luther aliandika kitabu kidogo cha kuwasaidia wachungaji kufungisha ndoa. Humo alieleza kwamba ndoa ni jambo la maisha ya dunia hii, kila nchi ina desturi zake juu yake, na mchungaji hapaswi kujifanya mtawala wa mambo hayo. Kazi yake ni kuwaombea na kuwabariki wanaokuja wakiomba baraka. Hata hivyo, katika kitabu hichohicho aliiheshimu ndoa kama hali iliyoanzishwa na Mungu mwenyewe. Aliyashika yote mawili. Ndoa ni ya Mungu, na ndoa iko chini ya sheria ya nchi.

Nasi tunaishi hivyo. Mchungaji anayefungisha ndoa hapa Tanzania anafanya hivyo kwa leseni ya serikali. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya kusudio la kuoana itolewe angalau siku 21 kabla. Kwa hiyo hata hapa nyumbani serikali huuliza. Ni kwamba maswali yake tumeyazoea.

Tena Biblia inatuonyesha kwa nini mtu wa mpakani anaweza kuwa na shaka. Mume na mke wa kwanza tunaowasoma wakiingia nchi ya kigeni kwa sababu ya njaa ni Abramu na Sarai, katika Mwanzo 12. Walipokaribia Misri, Abramu alimwomba mkewe aseme kwamba ni dada yake. Aliogopa kuuawa. Akanusurika, akapata hata mali, lakini Sarai alichukuliwa nyumbani kwa Farao. Uongo ulisemwa na wawili, gharama ikalipwa na mmoja. Na aliyemkemea baba yetu wa imani kwa kuficha ndoa yake alikuwa mtawala mpagani. Tusidhani basi kwamba mcha Mungu hawezi kudanganya mpakani, wala kwamba afisa anayeuliza ni adui wa Mungu.

Hata hivyo haki ya kuuliza ina mipaka. Katiba ya Ayalandi ya mwaka 1937, katika ibara ya 41, inaitambua familia kuwa kiini cha jamii na kuitaka serikali iilinde ndoa. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilitamka kwamba mwenzi wa raia hana haki ya moja kwa moja ya kuishi huko, lakini wenye kuamua wanalazimika kuipa ndoa hiyo uzito wake wa kweli. Hilo linapatana na tunavyoamini. Serikali haiundi ndoa, bali inaikuta. Inaweza kuuliza kama ipo, lakini ikishaiona ipo, haiwezi kuihesabu kuwa si kitu.

Kuna jambo jingine linalowaumiza Wayalandi wenyewe. Mfaransa au Mjerumani anayefanya kazi Dublin humleta mwenzi wake chini ya sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2004, ambayo inampa haki iliyo wazi kuliko ile aliyo nayo Mwayalandi aliye katika nchi aliyozaliwa. Mgeni ana mlango mpana, na mwenyeji ana mlango mwembamba. Wala kipimo cha mapato hakikosi lawama. Fedha huonyesha kama mtu ataweza kulisha nyumba yake, hazionyeshi kama anampenda mkewe. Ndoa ya maskini si ndoa pungufu.

Lakini kabla hatujawanyoshea wengine kidole, tutazame kwetu. Sheria yetu ya Uraia inampa mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania njia ya kuomba uraia kwa sababu ya ndoa yake. Mwanamume wa kigeni aliyemwoa binti yetu sheria haikumwekea njia hiyo. Yeye huishi kwa vibali, mwaka baada ya mwaka, hata kama watoto wake wamebatizwa hapa na makaburi ya wakwe zake yako hapa. Tukitaka binti yetu apokelewe Cork au Dublin kama mke wa mtu, tuulize pia mkwe wetu anapokelewaje Moshi au Iringa.

Walawi 19 inaamuru kumpenda mgeni, na sababu inayotolewa ni kumbukumbu: Waisraeli nao walikuwa wageni Misri. Wayalandi wana kumbukumbu kama hiyo. Katika njaa kuu iliyoanza mwaka 1845 watu wapatao milioni moja walikufa, na wengine zaidi ya milioni wakaondoka kwa meli. Baadaye ikawa desturi vijijini kukesha na kijana anayekwenda Marekani kama watu wanavyokesha kwenye msiba, kwa kuwa wazazi walijua hawatamwona tena. Taifa lililolia hivyo lina sababu ya kumwelewa mama wa Kitanzania anayemsindikiza mwanawe uwanja wa ndege.

Barua ya usharika

Sasa tuje kwetu, kwa maana mara nyingi katika ile bahasha huwekwa pia barua ya mchungaji. Baraza letu la wazee lililetewa jambo la namna hii. Binti wa usharika alikuwa ameolewa na Mwayalandi aliyekuja kufanya kazi katika mradi wa maji. Walifahamiana miezi 11 kabla ya ndoa. Ombi lao la viza likakataliwa, na moja ya sababu ilikuwa kwamba uhusiano wao ni wa muda mfupi na ushahidi ni mdogo. Waliruhusiwa kukata rufaa kwa maandishi ndani ya miezi miwili. Familia ikaja kwa wazee na ombi moja: barua iseme kwamba yule kijana amekuwa akiabudu nasi kwa miaka mitatu.

Mjadala ulikuwa mrefu, na hatukuwa na watu wabaya ndani ya chumba kile. Mzee mmoja alisema ndoa yenyewe ni ya kweli, sote tunajua, na tunachobadilisha ni tarehe tu. Akatukumbusha wakunga wa Kiebrania katika Kutoka 1, ambao hawakumwambia Farao ukweli, na Mungu akawatendea mema. Kama Mungu aliwabariki wale, atatuhukumu sisi kwa miaka miwili ya kuongeza?

Hoja hii haipaswi kupuuzwa. Wakunga wale walisimama kati ya muuaji na watoto wachanga, na kama wangesema kweli watoto wangekufa. Lakini afisa wa viza si Farao. Anakosea, anachelewesha, pengine anakaa mbali mno na machozi ya watu, lakini hajatumwa kuua mtu. Mbele yake njia ya kweli bado iko wazi, ingawa ni ndefu. Tukianza kumwita Farao kila anayetukatalia, tutajikuta tuna ruhusa ya kumdanganya kila mtu.

Mama mmoja, mzee wa kanisa, ndiye aliyefikisha mjadala mahali pake. Aliuliza: "Siku akiulizwa huyo kijana mwaka wa kwanza alikuwa anakaa nyumba gani, alisali ibada ya saa ngapi, atajibu nini? Tutakuwa tumemtwika binti uongo wetu auvushe bahari." Kisha akaongeza kwamba wapo mabinti wengine nyuma ya huyu, nao watahitaji barua. Barua ya kanisa ikishajulikana kuwa inasema lolote inaloombwa kusema, haitamsaidia mtu tena.

Amri ya nane mara nyingi tunaifundisha kama katazo la kumsingizia jirani mabaya. Lakini kumshuhudia jirani mema yasiyokuwepo nako ni ushuhuda wa uongo. Unaonekana kama wema, na kesho unamwacha yule jirani akiwa amesimama peke yake mbele ya swali asiloweza kulijibu.

Baraza likaandika barua ya kweli. Ikataja Jumapili ya kwanza yule kijana alipotambulishwa ibadani. Ikataja posa na majina ya walioipokea, tarehe tatu za kutangazwa kwa ndoa, na mafundisho ya ndoa waliyohudhuria pamoja jioni za Alhamisi. Ikaeleza kwamba mama yake na dada yake walisafiri kutoka Ayalandi kuja harusini, wakalala kwa wazazi wa binti kwa siku tisa. Ikasema wazi kwamba walifahamiana kwa miezi 11. Ilipomalizika ilikuwa na kurasa mbili, na tukaona kwamba ile "miaka mitatu" ingekuwa sentensi moja isiyo na kitu ndani yake.

Rufaa ilikubaliwa. Hatusemi hivi ili kuahidi kwamba msema kweli hupata viza. Tunawajua wengine waliosema kweli yote na bado wanasubiri, mwaka wa pili sasa, mmoja huku na mwenzake kule. Kwao tunaweza kusema jambo moja tu: wanachokisubiri ni chao. Siku wakikutana hawatakuwa na hadithi ya kuikariri wala siku ya kuogopa.

Mtu si mlango

Kuna uongo mwingine ulio mzito zaidi, nao ni ndoa yenyewe kuwa uongo. Sheria ya Ayalandi ya mwaka 2014 inawaruhusu wasajili kuzuia ndoa ikithibitika kwamba imepangwa kwa ajili ya vibali tu. Wapo vijana wetu wanaosema kwa utani, "Nitafutie Mzungu." Utani huo una ugonjwa ndani yake. Anayemwoa mtu ili apite amemfanya kuwa mlango, na mlango mtu akishaupita huuacha nyuma yake. Mungu alimleta Hawa kwa Adamu ili asiwe peke yake. Hakumleta ili Adamu afike mahali.

Lakini dhambi hii ina upande wa pili, nao tunausema mara chache. Yule mwenye pasipoti anaweza kuigeuza kuwa fimbo. Kibali cha mwenzake kimefungwa na ndoa yao, naye anajua. Neno moja tu, "nitakurudisha kwenu," linatosha kumnyamazisha mtu ndani ya nyumba yake. Waefeso 5 inamtaka mume ampende mke kama mwili wake mwenyewe, na hakuna mtu anayeutisha mwili wake kwa kuufukuza. Wazazi na wazee wawafundishe vijana mapema: pasipoti yako uitunze wewe mwenyewe, ujue kibali chako kinaisha lini, na ujue kwamba nchi ile ina mwongozo unaomwezesha mwenzi anayeteswa nyumbani kuomba kibali chake mwenyewe. Kumfundisha binti hivyo hakuonyeshi kukosa imani na ndoa. Ni kumpenda.

Wanaobaki

Mwanzo 2 inasema juu ya mtu kuwaacha baba na mama, na amri ya nne inataka waheshimiwe. Tumezoea kuona maneno haya mawili yakikaa pamoja kwa amani, kwa kuwa zamani kuacha kwenyewe kulikuwa ni kuhamia kilima cha pili. Ayalandi si kilima cha pili. Mama akiugua, nauli ya ndege haipatikani kwa kuazima kwa jirani.

Tukumbuke habari ya Rebeka katika Mwanzo 24. Mtumishi wa Abrahamu alipotaka kuondoka naye, ndugu zake walimwita binti wakamuuliza mwenyewe kama yuko tayari kwenda. Akakubali, wakambariki, naye hakuenda peke yake, alifuatana na mlezi wake. Hayo ndiyo mambo matatu ambayo familia na usharika wanaweza kufanya: kumuuliza mtu kwa uhuru bila kuhesabu fedha atakazotuma, kumbariki kwa moyo mmoja, na kutomwacha aende peke yake.

Baadaye litakuja swali la uraia. Mwenzi wa raia wa Ayalandi anaweza kuomba uraia baada ya miaka mitatu ya ndoa na miaka mitatu ya kuishi kule. Sheria yetu hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, hivyo akiuchukua ule anaupoteza huu. Wengine hutuliza moyo kwa Wafilipi 3, kwamba uraia wetu uko mbinguni. Ni kweli, lakini Paulo huyohuyo alipotaka kupigwa mijeledi aliutaja uraia wake wa Kirumi bila haya. Karatasi za dunia hii zina kazi yake. Mtu aamue kwa dhamiri safi na kwa ushauri wa mwenzake, na anayebadilisha pasipoti tusimwite msaliti. Bado ni mtoto wa mama yake, na jina lake bado liko katika kitabu chetu cha ubatizo.

Kwa hiyo, wapendwa, ndoa ya namna hii inapotangazwa kwetu, tusiishie kwenye kadi ya mchango. Wazee wakae na wawili hao mapema, wawaeleze yatakayoulizwa, waweke kumbukumbu za tarehe kwa usahihi. Mchungaji aandike yale anayoyajua tu. Wale wanaosubiri viza watajwe katika maombi ya Jumapili kama tunavyowataja wagonjwa na wasafiri. Anayeondoka apewe barua ya utambulisho. Kule Dublin lipo Kanisa la Kilutheri, kundi dogo lenye asili ya Kijerumani, ambalo huabudu katika Kanisa la Mtakatifu Finian, barabara ya Adelaide. Hatakuta Kiswahili wala ngoma, lakini atakuta meza ileile ya Bwana.

Na yule mama aliyebaki, tumtembelee. Jumapili ya kwanza baada ya mwanawe kuondoka, mtu mmoja akae naye kwenye benchi lake.